Kipimo cha homoni na mgonjwa wa sonona: maswali ya wasomaji

Miongoni mwa barua za mwezi huu, nne zimegusa jambo moja kwa njia tofauti: kama homoni zinazopimwa kwenye damu zinaweza kumtambulisha mgonjwa wa sonona aliye katika hatari ya kujiua. Nimezijibu pamoja, na nimeondoa mambo ambayo yangeweza kuwatambulisha waandishi.

SWALI: Daktari, shikamoo. Dada yangu ana umri wa miaka 34 na anatibiwa sonona tangu mwaka jana. Hivi karibuni alituambia kwamba heri asingekuwepo. Katika kuhangaika tukafika kwenye maabara moja ya binafsi, tukaambiwa kuna kipimo cha homoni ya msongo, yaani kortisoli, kinachoonyesha kama mgonjwa yuko katika hatari ya kujiua. Tulilipa fedha nyingi, na majibu yakarudi yakisema kiwango ni cha kawaida. Mama amefarijika sana na anataka tuache kumchunga dada kama mtoto mdogo. Mimi bado sijatulia. Majibu hayo yana maana gani? A.J., Morogoro.

JIBU: Marahaba, A.J. Nianze na lile lisiloweza kusubiri maelezo marefu: msiache kumchunga dada yako. Karatasi ile ya maabara haina uwezo wa kumtoa hatarini, na kauli aliyoitamka kwa kinywa chake ina uzito kuliko kiwango chochote cha homoni. Mrudisheni kwa daktari anayemtibu ndani ya siku hizi mbili tatu, naye aelezwe maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kupunguzwa makali. Ikiwa ameanza kutaja namna atakavyofanya au wakati, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake njiani wala mapokezi.

Sasa tuje kwenye kortisoli yenyewe. Homoni hii hutengenezwa na tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Mtu anapokabiliwa na tishio, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya CRH, ambayo huiamsha tezi ya pituitari chini ya ubongo itoe homoni ya ACTH, nayo ACTH husafiri kwenye damu hadi kwenye adrenali na kuziamuru zimwage kortisoli. Ikishatosha, kortisoli hurudi ubongoni na kuuzima mnyororo ule ule ulioizaa. Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona, hasa wenye sonona kali, breki hii haishiki vizuri, na homoni huendelea kumwagika hata pale isipohitajika. Hayo ni ya kweli na yamechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. Kosa la maabara hiyo ni kile ilichojenga juu ya ukweli huo.

Kortisoli haina kiwango kimoja cha kutwa nzima. Hupanda alfajiri, huruka juu zaidi katika dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka, kisha hushuka polepole mpaka ifike chini kabisa karibu na saa 6 usiku. Sampuli moja iliyotolewa saa 4 asubuhi inaeleza saa 4 ya asubuhi hiyo, basi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayoibeba kortisoli kwenye damu, hivyo kipimo husoma juu ilhali mwili hauna hitilafu yoyote, na ujauzito hufanya vivyo hivyo. Prednisoloni, ambayo wengi huitumia kwa pumu au mzio, huuvuruga mfumo mzima. Homa, usiku wa kukesha, hata woga wa sindano yenyewe, vyote huacha alama yake. Sijui kama dada yako aliulizwa lolote kati ya haya kabla ya kutolewa damu. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani hakuulizwa.

Kuhusu uhusiano wa homoni hii na kujiua, wazo si geni. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, William Bunney na Jan Fawcett, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa sonona waliokuwa wakipimwa mabaki ya homoni za adrenali kwenye mkojo, wakaeleza kwamba wagonjwa watatu waliokuja kufa kwa kujiua walikuwa na viwango vya juu. Watatu ni wachache mno, na wao wenyewe waliliweka jambo hilo kama uwezekano wa kufuatiliwa. Ukafuatiliwa. Mwaka 2016 Daryl O'Connor wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzake waliunganisha tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 2,000. Kwa jumla hawakuona tofauti ya kutegemewa kati ya kortisoli ya watu waliowahi kujaribu kujiua na ya wasiowahi. Tofauti ilijitokeza pale tu walipozigawa tafiti kwa umri: palipokuwa na washiriki wenye wastani wa umri chini ya miaka 40, kortisoli ya juu iliambatana na tabia ya kutaka kujiua, palipokuwa na wenye miaka 40 na zaidi, iliyoambatana nayo ni kortisoli ya chini. Yaani homoni ile ile, kwa mgonjwa wa ugonjwa ule ule, inageuka upande kwa sababu ya miaka. Anayetaka kuutumia utafiti huo kama ramli atajikwaa mlangoni.

Kwa hiyo mwambie mama, kwa upole, kwamba majibu ya kawaida yamejibu swali ambalo hakuna aliyekuwa analiuliza. Wala usimlaumu kwa kufarijika. Mzazi aliyelala macho kwa wiki kadhaa hushika chochote anachopewa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa utabibu mwaka wa tatu. Nimesoma kuhusu kipimo cha deksamethasoni na kwamba kiliwahi kutabiri vifo vya kujiua kwa kiwango cha kushangaza. Deksamethasoni ipo hata kwenye vituo vya afya. Kwa nini basi hatukitumii? B.K., Mwanza.

JIBU: Swali zuri, na ninakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi nililiuliza kwa jeuri zaidi kuliko ulivyoliuliza wewe.

Kipimo hiki kinaijaribu ile breki niliyoitaja hapo juu. Mgonjwa hupewa miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku. Kwa kuwa dawa hii hufanana na kortisoli, ubongo wenye afya hudanganyika, huamini kuna kortisoli ya kutosha, na hunyamazisha adrenali hadi siku inayofuata. Damu huchukuliwa kesho yake, kwa kawaida saa 10 jioni na saa 5 usiku. Iwapo kortisoli imezidi maikrogramu 5 kwa desilita, mgonjwa huhesabiwa kuwa mfumo wake umekataa kunyamaza. Bernard Carroll na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan ndio waliokipa umaarufu mwaka 1981, walipokitangaza kuwa kipimo mahsusi cha kutambua melankolia, ile sonona nzito inayomnyima mtu usingizi wa alfajiri na kumwondolea kabisa uwezo wa kufurahia jambo. Umaarufu huo haukudumu, kwa sababu wagonjwa wengi wa sonona walikutwa na majibu ya kawaida, huku watu waliokonda sana, wanywaji wa pombe na wenye magonjwa mengine wakipata majibu mabaya bila kuwa na melankolia.

Utafiti ambao bila shaka ndio uliokushangaza ni wa William Coryell na Michael Schlesser wa Iowa, uliochapishwa mwaka 2001. Waliwafuatilia kwa miaka 15 wagonjwa 78 waliokuwa wamelazwa kwa sonona na waliokuwa wamepimwa kwa deksamethasoni. Wagonjwa 32 walikuwa na majibu yasiyo ya kawaida. Katika kundi hilo, makadirio ya hatari ya kufa kwa kujiua yalikuwa asilimia 26.8, katika kundi lenye majibu ya kawaida yalikuwa asilimia 2.9. Tofauti ni kubwa, na miongoni mwa viashiria vyote vya kibayolojia hakuna vingi vilivyowahi kuonyesha pengo kama hilo. Hata hivyo angalia ni akina nani waliopimwa: watu wachache, wote wamelazwa, wote wana sonona kali kiasi cha kuhitaji wodi. Hatari yao ilikuwa juu tangu mwanzo, na kipimo kilichofanya kazi ndani ya wodi ile hakiwezi kuhamishiwa kliniki ya nje kama kilivyo.

Hesabu ifuatayo ni ya kubuni, lakini ifanye mwenyewe kwa kalamu. Chukua wagonjwa 1,000 wa sonona, na tuseme 10 kati yao watakufa kwa kujiua katika miaka ijayo. Tuseme una kipimo kizuri kuliko vingi tulivyo navyo, kinachowakamata asilimia 80 ya walio hatarini na kuwaachia kwa usahihi asilimia 80 ya wasio hatarini. Kitawakamata 8 kati ya 10. Lakini katika wale 990 waliobaki kitawanyooshea kidole 198 bila sababu. Mkononi utakuwa na majina 206, na katika hayo ni manane tu yaliyostahili kuwamo, sawa na asilimia 4 hivi. Utawafanya nini hao 198? Utawalaza? Utaziambia familia zao? Na wale wawili waliopita katikati ya vidole, utakuwa umewaandikia karatasi ya usalama, kama ile aliyopewa mama yake A.J.

Hapo ndipo viashiria vyote vimekwama, si vya kortisoli peke yake. Marie Åsberg wa Stockholm alionyesha mwaka 1976 kwamba wagonjwa wa sonona wenye kiwango kidogo cha mabaki ya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, kwenye maji ya uti wa mgongo walikuwa wamejaribu kujiua kwa wingi zaidi na kwa njia kali zaidi. Ugunduzi huo umeelimisha vizazi vya watafiti, lakini nani atamtoboa mgongo kila mgonjwa wa kliniki? Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake walizipitia tafiti 365 za miaka 50 zilizojaribu kutabiri mawazo na matendo ya kujiua kwa kutumia vigezo vya kila aina, wakakuta kwamba kigezo chochote kikichukuliwa peke yake kinabashiri kwa kuzidi kidogo tu bahati nasibu.

Usidhani kwa hayo kwamba utafiti wa homoni ni kazi bure. Thamani yake iko kwenye kuuelewa ugonjwa. Mwaka 2009 kundi la Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, lilichunguza ubongo wa watu waliokufa kwa kujiua na kukuta kwamba, kwa wale waliodhulumiwa utotoni, jeni inayotengeneza kipokezi cha kortisoli kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa imefungwa zaidi kwa alama za kikemikali kuliko kwa wale ambao hawakudhulumiwa. Kwa lugha nyepesi, madhila ya utotoni yanaonekana kuilegeza ile breki kwa miaka mingi. Kwa tabibu wa wilayani funzo la utafiti huo halihitaji maabara: muulize mgonjwa wa sonona alilelewaje.

SWALI: Daktari, salaam. Nina mtoto wa miezi minne. Tangu nilipojifungua sina raha, nalia bila sababu, na mara nyingine nafikiri wanangu wangekuwa afadhali bila mimi. Nilichomwa sindano ya uzazi wa mpango mtoto alipokuwa na wiki sita. Jirani yangu asema ni homoni za sindano zinazonifanya hivi, na kwamba nikiacha nitapona. Ni kweli? Mama wa watatu, Mombasa.

JIBU: Mama, asante kwa kuandika jambo hilo kwa uwazi. Fikra ya kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe ni dalili ya ugonjwa, nayo hutibika. Si hukumu ya ukweli kuhusu malezi yako. Tafadhali mwambie leo mtu mmoja unayemwamini nyumbani, na kesho uende kliniki ya mama na mtoto ukaiseme fikra hiyo kwa maneno haya haya. Ikiwa utaanza kusikia sauti, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, au kuamini mambo ya ajabu juu ya mtoto, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali mara moja ukiwa na mtu.

Kuhusu sindano, jirani yako hakubuni kabisa. Utafiti mkubwa wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2018 na Charlotte Skovlund na wenzake, uliwafuatilia wanawake 475,802 na kukuta kwamba waliotumia njia za homoni walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kujaribu kujiua mara ya kwanza na wa mara tatu hivi wa kufa kwa kujiua, wakilinganishwa na wasiowahi kuzitumia, na wasichana wadogo ndio walioathirika zaidi. Maneno “mara tatu” yanatisha mpaka uone idadi: katika karibu wanawake nusu milioni, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka minane, vifo hivyo vilikuwa 71. Aidha, wanaotumia uzazi wa mpango na wasiotumia hutofautiana kwa mengi yasiyo ya homoni, mahusiano yakiwa mojawapo. Mimba usiyoitarajia wakati huu nayo ingekuwa mzigo wa aina yake. Kwa hiyo dozi yako ya miezi mitatu ikiisha, usikate njia hiyo kimyakimya; mweleze muuguzi hali yako, na muangalie pamoja kama njia isiyo na homoni, kama kitanzi cha shaba ambacho wengine hukiita koili, inakufaa zaidi.

Lakini umesema hali ilianza ulipojifungua, yaani kabla ya sindano, na hapo ndipo mimi ningetazama kwanza. Estrojeni na projesteroni, ambazo hupanda mno wakati wa ujauzito, huporomoka ndani ya siku chache baada ya kondo kutoka, na pamoja nazo hushuka kemikali itokanayo na projesteroni, alopregnanoloni, ambayo huutuliza ubongo. Wanawake wote hupitia mporomoko huo, ila baadhi ubongo wao huupokea vibaya. Ujuzi huo umezaa dawa: Marekani iliidhinisha breksanoloni ya dripu mwaka 2019 na zuranoloni ya vidonge mwaka 2023, zote kwa sonona ya baada ya kujifungua. Kwa wengi wetu huku, matibabu yanabaki kuwa mazungumzo ya kitaalamu, msaada wa nyumbani, na dawa za kawaida za sonona, ambazo baadhi yake zinaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha.

Kuna kipimo kimoja cha homoni ambacho ningependa ufanyiwe, nacho ni cha tezi ya shingo, kinachoandikwa TSH. Katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua tezi hii huweza kupata uvimbe usioonekana kwa macho, ikafanya kazi kupita kiasi kisha ikazembea. Ikizembea humpa mtu uchovu, huzuni, uzito wa mawazo na baridi isiyoelezeka, na wapo waliokunywa dawa za sonona kwa miezi ilhali walihitaji homoni ya tezi. Kipimo hiki kinatafuta chanzo kinachotibika, wala hakitabiri kama mtu atajiua. Mgonjwa anayetumia lithiamu, dawa ambayo imeonyesha uwezo wa kupunguza vifo vya kujiua, naye hupimwa tezi hiyo mara kwa mara kwa sababu dawa yenyewe huweza kuizembeza.

Kliniki pia wanaweza kukupa maswali kumi ya Edinburgh, yaliyotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya mama waliojifungua. Swali la kumi linauliza waziwazi kuhusu fikra za kujidhuru. Ukifika hapo usijibu kwa haya.

SWALI: Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua si ni kumtia wazo hilo kichwani? Na akikiri, hawezi kushtakiwa? Mwalimu, Kigoma.

JIBU: Tafiti zilizolipima jambo hili hazijaona kwamba kuuliza kunaongeza fikra hizo, mara nyingi aliyeulizwa hupata ahueni, kwa sababu hatimaye pana mtu wa kubeba naye. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, ambalo limetafsiriwa na kuhakikiwa kwa Kiswahili, lina swali la tisa la namna hiyo, na hospitali nyingi hulitumia. Shida yetu ni lugha. Tumezoea kuzunguka: “Usije ukafikiria mambo ya ajabu.” Sentensi hiyo tayari imemwambia mtu ajibu hapana. Uliza hivi: “Watu wakielemewa kama ulivyoelemewa, wengine hufikia kutamani kufa. Wewe umewahi kufika hapo?” Kisha nyamaza umpe nafasi. Akisema ndiyo, uliza kama amefikiria namna na wakati, usimkemee wala usimhubirie kwanza.

Kuhusu sheria, kuwa na fikra si kosa popote katika nchi zetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya kifungu hicho huwafanya watu wengi wafiche kilichowaleta hospitali. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, lakini tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwanafunzi anayekuambia anachofikiria hajavunja sheria, na kumpeleka kwa mhudumu wa afya si kumshtaki. Namba 116 hupokea simu za kuwasaidia watoto, Tanzania na Kenya. Watu wazima walio Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Baada ya kuuliza, kuna karatasi ambayo imeonyesha faida kuliko ile ya homoni. Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani walibuni mpango mfupi wa usalama ambao mgonjwa huuandika na mhudumu: dalili zinazomwonya kwamba hali inaharibika, mambo anayoweza kufanya mwenyewe kujituliza, watu na mahali pa kwenda, namba za wataalamu, na namna ya kuviweka mbali vitu vya hatari. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,640 wa idara za dharura za hospitali za maveterani (wanajeshi wastaafu): waliopewa mpango huo na kupigiwa simu baadaye walikuwa na matukio ya tabia ya kutaka kujiua pungufu kwa karibu nusu, katika miezi sita, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hauhitaji maabara wala umeme. A.J., mwombe daktari wa dada yako aukamilishe pamoja naye siku mtakaporudi. Dada aandike kwa mkono wake, nakala moja apewe mama, na dawa zote za nyumbani, pamoja na zile za shambani, mama azifungie yeye na ufunguo abaki nao.